Injini Iliyongoja Amina

Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimejitembeza tangu ujana na bado sijaona fundi wa kunizidi kwa injini, kutoka Kawangware mpaka Kibera na kurudi kwa njia ya Ngong Road. Mtu asiyejisifu ana ndugu wa kumsifu. Ndugu zangu walibaki Kitui na mbuzi, kwa hivyo kazi hiyo naifanya mwenyewe.

Shule niliifikia darasa la nne nikaiacha ikiendelea bila mimi. Masikio yangu ndiyo yaliyosoma. Pitisha gari nje ya gereji yangu nikiwa nakunywa chai, na kabla hujafika kwa kona nitakuwa nimekwambia plagi gani imechoka. Wako wanaocheka wakisikia hivyo. Wengi wao magari yao yamelala kwangu.

Haya ninayoyasimulia ni ya Januari ile baada ya kura, mwanzo wa elfu mbili na nane, wakati mtu hakuweza kutoka mtaa wake kwenda wa jirani bila kukuta mawe barabarani, magurudumu yanawaka, na vijana wamesimama wakitaka kusikia unaongea lugha gani. Mengi ya mwezi ule ni ya kulia, na wako watakaoyaandika. Mimi yangu ni ya kabureta.

Nilikuwa na mteja aliyekaa Olympic, pale ukingoni mwa Kibera. Mtu wa upande wa ziwa, Mjaluo, mrefu, mcheshi, mkaidi. Zamani alikuwa dereva wa magari ya mashindano, yale ya kurusha vumbi mpaka ng'ombe wanakosa njia ya nyumbani. Gari moja lilibingirika naye huko Taita, akatiwa chuma ndani ya mguu wa kulia, na tangu hapo akawa mtu wa fimbo. Tajiri wake alipoacha mashindano alimwachia gari moja la zamani mahali pa pensheni. Lilikuwa gari dogo jeupe, mabomba ya chuma ndani ya kuzuia paa lisikuponde, namba kubwa zilizofifia mlangoni, na kabureta mbili kubwa zimepanda injini kama mapacha mgongoni. Gari la namna hiyo kwenda nalo sokoni ni kama kutuma ndume kuchota maji. Lakini yeye alilipenda, na mimi nililipenda zaidi kwa sababu nilikuwa namlipisha kila kosa alilolifanyia.

Mke wake alizaliwa Satellite, kule Riruta, mtu wa Mlima, Mkikuyu. Kabla ya Krismasi alikwenda na watoto wawili kumsalimia mama yake. Matokeo yakatangazwa, barabara zikafungwa, akabaki huko na mumewe akabaki huku. Wiki zikaenda. Ndipo asubuhi moja mteja wangu akanipigia simu.

"Fundi, gari inakufa."

"Inakufa ikienda ama ikisimama?"

"Ikienda ni simba. Ikisimama inatetemeka kama mtu ana malaria, halafu inazima."

"Basi usisimame."

"Fundi, kutoka hapa mpaka Satellite kuna vizuizi vingapi?"

Nikaanza kuvihesabu kwa vidole. Ndipo akanieleza. Shemeji zake walikuwa wamepata lori. Jumamosi asubuhi walikuwa wakipakia kila kitu na kila mtu waende mashambani, gichagi, na walikuwa wametuma neno moja tu: aje mwenyewe, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, achukue watu wake tukimwona. Asipokuja tutajua amechagua upande, na dada yetu ataenda na sisi.

"Na yeye mwenyewe mama watoto anasemaje?"

"Anasema ataningoja mpaka lori iwashwe. Ikiwashwa, anapanda."

Kutembea hangeweza, na ule mguu. Gari la kuazima hakuna ambaye angempa lipite kwenye moto. Lilibaki hilo lake, na hilo likifika kwa kizuizi, likasimama, likazima, basi. Injini hiyo ikiwa moto haikubali kuwaka tena upesi, inataka kusukumwa. Na ukikanyaga mafuta ili isizime, inanguruma, na kijana mwenye jiwe mkononi akisikia gari linanguruma mbele yake anajua moja tu, kwamba unataka kumkanyaga. Hapo ndipo kutulia kwa injini kunakuwa jambo la maisha ya mtu.

Nikamwambia afungue boneti, aiwashe, aweke simu karibu na kabureta. Usicheke. Nimetibu magari mengi kwa simu, mengine yakiwa Mombasa. Nikasikia injini inabweka bila mpangilio, na nyuma ya kubweka nikasikia mluzi mwembamba, fyuuu, kama mtu anayevuta hewa kwa pengo la jino. Kabla sijasema kitu, simu yake ikaishiwa na pesa, na kadi za simu siku zile zilikuwa hazipatikani, maduka yamefungwa. Yangu nayo ilikuwa imelala njaa tangu juzi.

Ijumaa asubuhi nikafunga mfuko wa vyombo: spana, bisibisi, nyundo ya kichwa cha mviringo, brashi ya kunyolea, na kipande changu cha mpira wa kumwagilia maji, urefu wa mkono, ambacho mafundi wengine hunicheka nacho.

Mke wangu akasimama mlangoni. "Unaenda kufa kwa sababu ya kabureta ya mtu?"

"Si kabureta. Ni mbili."

"Wewe Mungu alikunyima akili akakuzidishia mdomo."

"Alijua nitahitaji nini zaidi," nikamwambia, nikatoka.

Mdomo wenyewe ndio ulionipitisha. Kikuyu nilijifunza kwa kununua spea, Kijaluo nilijifunza kwa kuuziwa samaki, Kiluhya nilipewa bure na wapangaji wangu. Zote nazizungumza vibaya sana, na huo ndio ujanja, kwa sababu mtu anayekucheka huwa ameshusha mkono. Dagoretti Corner nikachekwa. Ngong Road nikachekwa. Nilipofika kizuizi cha Olympic wakanisimamisha vijana kama kumi hivi, na mkubwa wao alikuwa na kofia ya sufu ijapokuwa jua lilikuwa kali.

"Buda, wewe ni wa wapi?"

"Wa kabureta."

"Nauliza kabila."

"Na mimi nakujibu kazi. Ile gari inalia hapo nyuma yenu tangu asubuhi, hamjaisikia? Nimekuja kuinyamazisha."

Wakatazamana. Ile gari walikuwa wameisikia, mtaa mzima ulikuwa umeisikia.

"Huyu ni Mkamba," mmoja akasema. "Sikia hiyo Kiswahili."

"Wakamba nyinyi mnakula huku na huku," akasema wa kofia, lakini alikuwa anacheka. "Twende tuone hiyo dawa."

Wakanisindikiza wote, kizuizi kikabaki na mawe peke yake.

Mteja wangu alikuwa ameketi kwa ndoo iliyopinduliwa mbele ya gari, fimbo kati ya magoti, kama mtu aliyefiwa. Hakunisalimia vizuri. "Umechelewa," akasema.

"Ungekuwa na gari ungenifuata."

Nikaliwasha. Sasa nikuambie kitu ambacho fundi wa juzi hakijui. Injini ya mashindano haitulii kama ya gari la kanisa. Imechongwa ivute pumzi kubwa ikikimbia, kwa hivyo ikisimama hutikisika kidogo, ni damu yake. Ukitaka itulie kama friji utaiua. Kazi ni kujua mtikisiko upi ni wa asili na upi ni ugonjwa. Hii ilikuwa inaruka ruka, inasahau, inakumbuka, inapiga kikohozi kwa nyuma, halafu inazima na kishindo cha mtu aliyetupa gunia chini.

"Kaza tu hiyo skrubu ya mwendo," akasema wa kofia. "Iende juu kidogo, haitazima."

"Hiyo ni kumpa mgonjwa pombe ili asimame," nikamwambia. "Atasimama, ndio. Lakini atapiga kelele, na wewe unajua vizuri mtu wa kizuizi anafanya nini akisikia kelele."

Akakubali kwa kichwa. Hiyo kazi aliijua kunishinda.

Nikaanza na petroli. Vituo vilikuwa vimefungwa na watu walikuwa wakiuziana kwa mitungi, na mtungi hauna mdomo wa kusema umewekwa nini. Nikadondosha tone kwa karatasi nikaianika. Petroli safi hukauka ikaondoka kama mgeni mwenye adabu. Hii iliacha duara la mafuta kama karatasi ya mandazi.

"Umenunua mafuta taa, mzee. Unaweza kupikia ugali na hii gari."

Tukaimwaga yote. Kanisa la jirani lilikuwa na jenereta ya kuendeshea kinanda na spika, na mzee wa kanisa alipoambiwa safari ni ya kumrudisha mke, akatoa petroli ya Jumapili yote. Akasema Mungu anaweza kuimbiwa kwa makofi.

Tukaiwasha tena. Kikohozi kikapungua, mruko ukabaki. Vijana wakaguna. Mimi nikafurahi, kwa sababu ugonjwa ukibaki mmoja hauna pa kujificha.

Nikashika kitambaa kikavu nikaanza kuvua nyaya za plagi moja moja injini ikiwaka. Ukivua waya wa silinda iliyo nzima, injini inalegea, inakulilia. Ukivua wa silinda mgonjwa, haina habari, kama kumfuta kazi mtu ambaye hakuwa anakuja. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu kimya. Ya nne kimya. Na mbili hizo zilikuwa za kabureta moja, ile ya nyuma.

Ndipo nikatoa mpira wangu. Ncha moja nikaitia sikioni, nyingine nikaileta mdomoni mwa kabureta ya kwanza, nikafumba macho.

Nyuma yangu wakasogea wote. Halafu nikasikia mmoja ananong'ona, "Hiyo ni kamuti."

Kamuti ni uchawi wa kwetu, na Nairobi nzima inaamini kila Mkamba amebeba kidogo mfukoni. Sikuwasahihisha. Jina kama hilo ukiliokota njiani usilitupe.

"Inasema nini?" akauliza wa kofia, sauti ya chini.

"Ngoja, inaongea Kikamba."

Kabureta ya kwanza ilivuta hewa kama mtu anayekunywa uji wa moto. Ya pili ilivuta kama mtu aliyeshiba, kidogo tu, kwa heshima. Sasa kama tumbo limeshiba na mdomo haujala, chakula kimepitia wapi? Ule mluzi wa kwenye simu ukanirudia. Kulikuwa na hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwa kabureta.

Nikaomba sabuni ya mche na maji. Nikakoroga povu kwenye kikombe, nikachukua brashi ya kunyolea, nikaanza kupaka pale kabureta ya nyuma inapokutana na injini. Juu, hakuna. Ubavuni, hakuna. Chini, mahali ambapo jicho halifiki, povu likanyonywa ndani, fyup, na kwa kitambo kidogo ile injini ikatulia. Ikapiga duu, duu, duu, sawasawa, kama ngoma ya mtu mzima. Povu likaisha, ikaanza kuruka tena.

"Ameinyoa ikatulia," mtu akasema, na wote wakacheka, hata mteja wangu.

Nikazima, nikafungua boliti, nikainua kabureta. Kati ya kabureta na injini hukaa karatasi ya kuziba hewa, gaskiti. Hii niliyoikuta haikuwa ya dukani wala haikuwa ya mkono wangu. Ilikuwa imekatwa kwa karatasi ya kung'aa, imekunjamana na kuchanika upande wa chini, na petroli ya mafuta taa ilikuwa imeibandua tabaka. Nikaifuta kwa kidole. Likatokea sikio la mtu. Nikafuta zaidi, likatokea jicho, na nusu ya tabasamu.

Ilikuwa kalenda ya kampeni. Ulikuwa uso wa mgombea wao wenyewe, yule ambaye wale vijana walikuwa wamekesha barabarani kwa ajili yake.

Hakuna aliyecheka. Wa kofia akainama, akatazama, akamgeukia mteja wangu. "Mzee. Ni nani aliweka mtu yetu hapa ndani?"

Mteja wangu alikuwa amekamata fimbo kwa mikono miwili. "Ni mimi," akasema. "Desemba. Gaskiti ilikuwa imekatika na nilikuwa na kalenda mbili. Nikasema nimweke ndani ya injini ya mashindano, ili ashinde. Ilikuwa ni heshima."

Kitu kilichokuwa hewani pale nilikijua, na kilikuwa kinaweza kuanguka upande wowote. Nikatangulia mimi.

"Amefanya kazi aliyopewa," nikasema, nikiishika ile karatasi kwa vidole viwili kama picha ya arusi. "Amesimama kwenye moto tangu Desemba na hakukimbia. Mwenye makosa ni aliyemweka. Karatasi ya kung'aa ni ya ukutani, watu waitazame. Huku ndani kunataka karatasi ngumu isiyo na sura."

Wa kofia akafikiria. Kisha akaipokea, akaipangusa kwa shati lake, akaikunja vizuri akaitia mfukoni. "Lakini alisimama," akasema.

"Alisimama sana."

Basi mmoja wao, kijana mwembamba, akakimbia akarudi na bango la mgombea wa upande ule mwingine. Lilitoka chooni, hilo halikuwa na haja ya kuelezwa. "Weka huyu," akasema. "Yeye aungue."

Sasa wakacheka mpaka wengine wakaketi chini. Hata mimi. Lakini nikalikataa. "Hili nalo linang'aa. Wote walichapishiwa karatasi moja, hamkujua? Nileteeni kitu kigumu, kikavu. Kasha."

Wakaleta la maziwa, lina nta. Wakaleta la sigara, jembamba. Mteja wangu akaingia ndani akichechemea, akatoka na kasha la viatu. Jipya. Alifungua akaonyesha: viatu vyekundu vya kisigino kifupi. Alivinunua viwe vya Krismasi, ampe mke akirudi kutoka kwa mama yake.

Nikalipima kasha kwa ukucha. Lilikuwa lile lenyewe, gumu, halina mng'aro.

"Hii ni zawadi," akasema, hakuliachia.

"Zawadi ni viatu."

"Wewe hujui mama watoto. Kiatu bila kasha atasema ni mtumba. Na mama yake atasema kabla yake."

"Mwambie kasha liko kazini."

Akaliachia.

Kukata gaskiti ni kazi ya kusikia. Unalaza karatasi juu ya chuma, unapigapiga ukingoni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, polepole, mpaka chuma chenyewe kinakata karatasi kwa umbo lake. Ukiharakisha inapasuka. Na mimi nina desturi yangu: gaskiti yangu naiachia mkia mdogo utokeze nje, upana wa kidole. Wengine wanasema ni uchafu. Ni saini. Fundi wa kesho akifungua ajue nani alipita. Mkia huo siku ile uliangukia pembe ya kasha, palipochapishwa namba ya kiatu, tano, nyeusi na kubwa.

Nikaipaka mafuta, nikafunga, nikakaza boliti kwa zamu ili isibenuke. Nikarudi kwa mpira wangu, nikazipima kabureta mbili mpaka zote zikanywa uji kwa sauti moja. Jua lilikuwa linaelekea Dagoretti nilipotoa mkono. Injini ikakaa. Ikitikisika kidogo kwa damu yake, ikakaa. Nikaweka kikombe cha chai juu ya paa la gari. Chai ikatetemeka, haikumwagika.

"Mkamba," akasema wa kofia, "ukifa tutakuzika hapa."

Nikamwambia nitafikiria.

Jumamosi asubuhi tukatoka wawili, yeye kwenye usukani na mimi pembeni. Vijana wa Olympic wakatoa mawe wakajipanga huku na huku kana kwamba mashindano yanaanza, na mteja wangu alipoona hivyo mguu wake wa chuma ukataka kukanyaga.

"Polepole," nikamwambia. "Leo unashindana na konokono."

"Sijawahi kushindana na konokono."

"Ndiyo sababu uko na fimbo."

Tulipita Ngong Road iliyojaa vioo na majivu, karibu tupu. Alipoinua mguu kwenye mafuta, injini ikashuka ikakaa, na kila iliposhuka sote tulishikilia pumzi bila kutazamana. Kizuizi kibaya kilikuwa mbele ya Satellite, na hicho kilikuwa cha upande wa pili. Wakatuzunguka. Mteja wangu hakuweza kufungua mdomo, kwa sababu Kiswahili chake kina maji ya ziwa ndani yake na kingetutangulia.

"Zimeni gari," mmoja akasema.

Nikashusha kioo nikaongea Kikuyu changu cha spea. "Tukizima, ni nyinyi mtasukuma. Na mimi ni mzito."

Mmoja akacheka kwa pua. Mwingine, mwenye rungu, hakucheka. Alizunguka gari akifuata zile namba zilizofifia mlangoni kwa kidole. Akaja mbele, akalaza kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo. Nikaona uso wake unabadilika. Mtu anayependa injini ukimwona utamjua, ni kama kuona mtu wa kwenu ugenini. Chini ya kiganja chake ilikuwa ikipiga duu, duu, duu, haina hofu.

"Hii ilikuwa ya mashindano," akasema.

"Bado ni ya mashindano."

"Nani anaendesha?"

"Mkwe wa hapa," nikasema. "Anakwenda kumchukua mke wake kabla lori haijaondoka." Nikamtajia ni nyumba gani.

Akamtazama mteja wangu kwa muda. Injini ikasubiri. Ingekohoa hapo, kikohozi kimoja tu, sijui. Halafu akatoa mkono. "Mpite," akasema. "Lakini msirudi na hii njia."

Lori lilikuwa langoni, limeshapakiwa magodoro, meza miguu juu, na tundu la kuku. Dereva wake alikuwa ameketi ndani, mkono kwenye ufunguo. Shemeji wawili walisimama mbele ya lango. Mteja wangu akashuka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usizime." Sikuwa na nia. Nikahamia kwenye usukani nikaketi.

"Umekuja," akasema shemeji mkubwa.

"Nimekuja."

"Kwa hii?"

"Ndiyo iko."

Watoto wakatoka mbio wakamshika miguu, wa chuma na wa nyama. Mke alikuja nyuma yao taratibu, kitambaa kichwani, uso umekaza kama mtu aliyejiapia kutolia. Mama mkwe akasimama kando yake. Mteja wangu hakujua aanze wapi, basi akamnyooshea mke mfuko wa nailoni aliokuja nao. Mke akavitoa viatu vyekundu.

Mama mkwe akavitazama. "Havina kasha," akasema. "Ni mtumba wa Gikomba?"

Mteja wangu akanigeukia kwa macho ya kunilaumu mimi na ukoo wangu. Nikavuta kishikio cha boneti.

"Mama, kasha liko hapa," nikasema. "Njooni mwone."

Wakaja, hata shemeji wote wawili. Nikaonyesha kwa bisibisi pale chini ya kabureta ya nyuma, mkia wangu ukitokeza, na namba yake. Nikawaeleza kwa ufupi kwamba bila kile kipande injini haitulii, na isipotulia mtu huyu hangefika. Mke akainama. Akatazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba moja.

"Tano," akasema. "Ni yangu." Kisha akacheka, na kile alichojiapia kikamshinda papo hapo, akawa anacheka na kulia pamoja huku akivua ndala zake, akavaa vile viatu kwenye vumbi.

Shemeji mkubwa akakohoa. "Atalala wapi? Kibera hatumpeleki."

"Kwangu Kawangware," nikasema. "Nina vyumba vya kupanga, vya mawe, nilijenga mwenyewe kwa bisibisi hii. Kimoja kiko wazi. Hapo kwangu kuna kila kabila na wote wananiogopa."

"Kwa nini wanakuogopa?"

"Naongea sana."

Hapo mama mkwe akasema hakuna anayeondoka bila kuombewa. Tukainamisha vichwa. Mama huyo alianza na Ibrahimu. Akaombea lori, na magurudumu yake. Akaombea mashamba waendako, na ng'ombe, na nchi, na viongozi kila mmoja kwa zamu yake, na alipofika kwa hao nikajua tutakaa. Mimi sikusikia maneno sana. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kuelekea boneti. Duu, duu, duu. Aliombea mkwe wake, kwa jina lake la kwao, akilitamka vibaya na kulirudia mpaka likakaa sawa. Duu, duu. Aliombea mguu wa chuma. Aliombea hata fundi, kwamba Bwana amzidishie kazi na ampunguzie maneno. Kwa jicho moja, kupitia dirishani, niliona mshale wa joto umepanda kidogo ukasimama. Haikuruka, haikusahau, haikukohoa.

"Amina," tukasema.

Shemeji mkubwa akafungua macho, akatazama gari. "Hii haikuzima," akasema, kama mtu aliyekuwa ameombea jambo tofauti.

Akampa mkono mkwe wake. Dereva wa lori akageuza ufunguo. Likawaka likiwa na nafasi tatu wazi kati ya magodoro, na mke akalitazama kutoka ndani ya gari jeupe, mtoto mmoja mapajani, visigino vyekundu vimepandishwa juu ya bomba la chuma visiguse mafuta.

Walikaa kwangu mpaka barabara zikafunguka na zaidi kidogo. Gari lile bado liko, na ile gaskiti sijaibadilisha, haina sababu. Siku moja nikiwa Kitui lilipata shida ya klachi, akalipeleka kwa fundi mwingine, naye alipoinua boneti akaona ule mkia na namba yake. Niliporudi nikaambiwa fundi huyo alikuwa ameshinda Kirinyaga Road mchana mzima, duka moja la spea hadi jingine, akiulizia gaskiti namba tano.